Ukitaka kujitolea kwa kina mama wasuka mikeka, uliza kwanza wako huru mwezi gani

Mwaka wa kwanza niliwaharibia. Naanza na hilo ili ujue anayekushauri ni nani.

Mimi ni mtunza hesabu wa duka hapa Mtwara mjini. Jumamosi napanda Hiace kwenda kijiji kimoja upande wa Nanyamba, kwenye kikundi cha kina mama 14 wanaosuka mikeka na vikapu vya ukindu. Nilipoingia nilikuwa na moto wa mgeni. Mwezi wa tisa nikawaletea oda kutoka Dar: vikapu 60, vifike kabla ya Krismasi. Nikapigiwa vigelegele. Hakuna aliyeniambia kitu, maana mgeni aliyekuja na neema hakatazwi.

Oktoba ikaingia. Mtu wa kusini hahitaji maelezo. Alfajiri kila mwanamke yuko chini ya mikorosho: anaokota, anatenganisha na mabibo, anaanika, anasubiri mnada. Korosho ndiyo ada ya shule, korosho ndiyo bati la nyumba. Nani aiache akasuke kikapu? Zilipoisha, mvua zikaanza. Watu wakaenda kupanda, na ukindu hauanikiki. Dar vilifika vikapu 22, vingine vina madoa ya ukungu. Mwenye duka hakupiga simu tena, na simlaumu.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta soko, kaa nao jamvini mhesabu miezi. Kwetu kazi ya mikono inachanua mvua zikikatika na mavuno yakiingia ndani, kuanzia Juni hivi. Na huo ndio msimu wa unyago na harusi, mikeka inatakiwa hapo hapo kijijini, tena bila nauli ya kwenda popote. Hili la soko la jirani wengi tunalidharau kwa sababu halina picha nzuri ya kurusha.

La pili ni bei. Nilimwomba bibi mmoja, mkongwe wa kikundi, tuupigie hesabu mkeka wake. Daftari hakulitaka. Alichota punje za mahindi kwenye ungo: punje moja, shilingi elfu. Ukindu nne, rangi mbili, uzi moja. Akanitazama. "Na mgongo wangu, mjukuu wangu, niuweke punje ngapi?" Kusuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu, kuupima kwa pima, kuushona, vyote vilimchukua siku tisa. Aliuza 15,000. Zikabaki punje nane kwa siku tisa. Alizitazama kitambo, kisha akazirudisha kwenye ungo bila neno. Mkeka uliofuata alitaja 25,000. Mteja wa kwanza aliondoka akisonya, wa pili akatoa 22,000. Semina yangu ya ujasiriamali ya siku mbili, na kalamu nilizogawa, haikufanya hivyo.

Mkopo wa halmashauri upo, asilimia 4 ya mapato ya ndani kwa ajili ya wanawake, hauna riba. Ila usiwakimbize huko kabla punje hazijakubali. Mkopo usio na riba nao hurejeshwa.

Angalia pia malipo yanaingia kwenye simu ya nani. Sisi yalikuwa yanaingia kwenye laini ya mume wa mwenyekiti, mtu mzuri kabisa, lakini kila Jumamosi lazima tumsubiri arudi kutoka kijiweni. Ilichukua miezi kulisema hilo kwa heshima, na hatimaye alilisema mkewe, siyo mimi.

Mwaka jana, Septemba, mteja mwingine wa Dar alipiga. Niliweka spika nikampa mwenyekiti.

"Vikapu vipo, mwanangu. Lakini sasa tunaingia mikoroshoni. Tupigie mwezi wa sita."

Mteja akasema atafikiria. Mwenyekiti akanirudishia simu, akaendelea kupepeta.