Maldini alidumuje miaka yote ile?

SWALI: Mambo vipi mhariri, mimi na washkaji tunabishana, eti Paolo Maldini, yule beki wa Italia, alicheza AC Milan tu maisha yake yote? Na alikuwa wa mguu gani, maana mmoja kakomaa anasema kushoto.

JIBU: Poa. Ni kweli bwana, timu ya wakubwa aliingia Januari 1985 akiwa na miaka 16, akatundika daluga 2009, klabu ni hiyohiyo moja, mechi 902, makombe ya Ulaya 5. Mguu wake halisi ni wa kulia, ila wa kushoto aliunoa mpaka watu wakasahau. Kilichombeba mimi naona ni kujipanga, yani straika anageuka anakuta jamaa keshaziba njia, hana haja ya kuteleza chini kila saa kama hawa mabeki wa kuchafua bukta (mnawajua), halafu umri ulivyosogea akawa anacheza zaidi beki wa kati, akili ikawa inasaidia miguu. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2005 na Liverpool, ana miaka 36, katupia dakika ya kwanza tu! Japo Milan walikuja kufungwa kwa penalti. Jezi yake namba 3 imestaafishwa, mwenye ruhusa ya kuivaa pale ni mwanae tu.