Kwa nini seli ichane protini yake yenyewe?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo kidato cha 5, tahasusi ya PCB. Toleo lililopita uliandika kwamba seli inayogawanyika huharibu protini ilizotoka kuzitengeneza. Huo si ubadhirifu? Na je, hutoka kwenye mtihani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Miaka mingi nilisimama ubaoni nikifundisha kwamba seli huvunja protini zilizochakaa tu, kama mtu anavyotupa kandambili iliyokatika. Nilikosea.

Jibu lilitoka baharini. Julai 1982, huko Woods Hole, Marekani, Mwingereza Tim Hunt alikuwa akichunguza mayai ya yule mnyama wa baharini wa mviringo mwenye miba (kwa Kiingereza sea urchin), ndugu wa hao wanaowachoma miguu mwambani hapo kwenu. Mayai yake yakirutubishwa pamoja hugawanyika pamoja, kama gwaride. Hunt aliyapa methionini, tofali mojawapo la kujengea protini, yenye mnururisho ili azione protini mpya zikitokea. Nyingi ziliongezeka tu. Moja ilijaa, kisha seli zilipokaribia kugawanyika ikatoweka; ikajaa tena, ikatoweka tena. Akaiita saiklini, na mwaka 2001 akawa mmoja wa watatu waliopewa Nobeli ya tiba.

Saiklini huamsha kimeng'enya kinachoisukuma seli kuanza mgawanyiko. Sasa utaniuliza, mbona isizimwe tu? Kilichozimwa huweza kuwashwa. Enzi za tiketi za karatasi kivukoni, mkaguzi hakuiweka tiketi kando, aliichana, usije ukapandia tena. Seli nayo huibandika saiklini vialama vya ubikwitini, kiprotini cha asidi amino 76, halafu proteasomu, kinu chenye umbo la pipa, huisaga. Mwaka 1989 Andrew Murray na wenzake waliweka kwenye maji ya mayai ya chura saiklini iliyokatwa kile kipande kinachoifanya isagwe. Mgawanyiko ukaanza, ukakwama humohumo.

Kromosomu nazo husubiri kinu hichohicho, na hapa ndipo ninaponogewa. Nakala mbili za kila kromosomu hufungwa pamoja na pete za kohesini. Mkasi wa kuzikata, separesi, uko tayari zamani, ila protini nyingine, sekurini, imeufumba mdomo. Sekurini ikisagwa, mkasi hukata, nakala huachana. Lakini katika seli zetu, ikibaki kromosomu moja tu kati ya 46 ambayo nyuzi za kuvuta kromosomu hazijaikamata sawasawa, sekurini haibandikwi vialama vya ubikwitini. Seli nzima inamngoja huyo mmoja. Nishati hutumika, sikatai. Ilinganishe na hasara ya seli kuzaliwa na kromosomu 47.

Kuhusu mtihani, siku hizi situngi. Ila ukiambiwa uchore grafu ya saiklini, ipandishe polepole, kisha iporomoshe ghafla kama ukuta. Nimesahihisha vilima vingi vyenye miteremko miwili iliyolingana, na vyote nilivikata alama.