Mwanafunzi Aliyerudi Shuleni Asiachwe Peke Yake

Tangu Novemba 2021, Serikali ya Tanzania ilipowaruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliojifungua, kurudi katika shule za kawaida, nimewapokea kadhaa nikiwa mwalimu wa malezi na unasihi katika sekondari ya kata. Kuwapatia nafasi si kazi ngumu tena. Kazi ipo katika majuma ya mwanzo, kwa maana wengi waliotuacha mara ya pili waliondoka kabla ya mtihani wa nusu muhula.

Aliyenifundisha hilo ni msichana aliyerudi Kidato cha Pili akiwa na mtoto wa miezi minane. Nikidhani ninamtia moyo, nilimsimamisha mstarini nikawaomba wenzake wampokee. Siku ya tatu hakuja. Nilipomfuata nyumbani, mama yake aliniambia kwa upole, "Mwalimu, umemwanika mwanangu." Nilimwomba binti radhi pale pale, na naamini radhi ile ilimrudisha kuliko ushauri wowote.

Siku hizi ninaanzia nyumbani. Kabla mwanafunzi hajavaa sare, tunakaa na mlezi wake na kukubaliana nani atabaki na mtoto, atanyonya saa ngapi, na siku akiugua nitapataje habari. Yasiposemwa haya, utoro wa siku mbili huzaa aibu, na aibu ndiyo inayomfukuza. Darasani siwaombi walimu wenzangu wamwonee huruma, bali wampe maswali ya mada alizoziacha, machache kiasi cha kuyamaliza siku hiyo hiyo, na wayasahihishe mapema. Ustahimilivu sijauona ukija kwa mawaidha. Nimeuona kwa mtoto aliyeshindwa hesabu jana na leo akaipata mwenyewe.

Wapo ambao darasa la kawaida haliwafai tena, hasa vijana waliozoea kujitafutia riziki machimboni, na si vema kuwalazimisha. Hao waelekezwe Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, au wafanye Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, ambao wakiufaulu wanaweza kufanya mtihani wa Kidato cha Nne kama watahiniwa wa kujitegemea.

Binti yule sasa yuko Kidato cha Nne. Kila Ijumaa hunipitia na daftari lake la hisabati, na Ijumaa asipopita, ninamfuata mimi.