Faili zangu mbili

Mdogo wangu, ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili na mara zote nimekasirika. Eti kuna mtu hapo Kirumba, Mwanza, anawaambia Uingereza ukitua tu, transjenda mwenye ugonjwa wa utumbo anapewa jina lake, homoni na dawa za tumbo, vyote bure. Kwa viza nyingi za kazi, mtu mzima anatozwa pauni 1,035 za matibabu kwa kila mwaka wa viza, na zote zinalipwa kabla hajapanda ndege. Foleni ya kliniki ya jinsia ni ya miaka.

Hayo nayavumilia. Kinachoniuma ni faili. Nilipobadilisha jinsia kwenye kumbukumbu za matibabu huku Uingereza nilipewa namba mpya, kama mgonjwa aliyezaliwa jana. Vipimo vyangu vya Crohn, huu ugonjwa wangu wa vidonda vya utumbo, vikabaki kwenye namba ya zamani. Siku ya dripu ya infliximab, dawa ya kuutuliza utumbo, ambayo nawekewa kila baada ya wiki 8, karani alinitafuta kwenye kompyuta asinione. Kisha akaliita kwa sauti lile jina nililopewa na baba. Watu wote wakageuka. Tumbo lilikuwa linanisokota. Nikaenda chooni nikajifungia mpaka zamu yangu ikapita. Haikuchukua wiki mbili, damu ikarudi.

Aliyeniokoa ni nesi mmoja. Aliniuliza niitweje, akaliandika jina juu kabisa ya karatasi, kisha akauliza natumia homoni gani. Nilikuwa nameza vidonge vya estrojeni, homoni ya kike, vya kununua kwa mtu. Hakunigombeza. Alinieleza kuwa Crohn peke yake inaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, na vidonge vile vinaizidisha. Tena utumbo wenye vidonda huenda usiinyonye dawa vizuri. Daktari akanihamishia kwenye kibandiko cha ngozini. Miaka miwili nilikuwa natibiwa tumbo, na swali hilo hakuna aliyeniuliza!

Usije, mdogo wangu. Unasema unaharisha damu mwezi wa nne sasa na dawa ya kichocho umeshameza mara tatu. Sisi wa ziwani tukiona damu chooni tunawaza kichocho, na mara nyingi ndicho. Isipokoma, omba upimwe utumbo kwa kamera. Mimi niliogopa kuvua nguo mbele ya daktari, nikakaa na ugonjwa miaka. Usinifuate kwa hilo. Vidonge vya homoni unavyomeza, mtajie daktari. Ukiogopa kusema ni vya nini, taja jina la dawa tu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana, usinipigie simu kwanza. Nenda hospitali usiku huohuo, huenda ni damu imeganda.

Na kama utakuja, maana nakujua, beba majibu yako yote ya vipimo, hata yenye jina usilolitaka. Ningekuwa nayo yangu, nisingeanza upya huku.

Hela ya kipimo naituma Ijumaa kwa namba ya mama mdogo. Ni ya kipimo, si ya nauli.