Begi la kamera: Materuni na mjini Moshi

Mdogo wangu, umeuliza begi gani litabeba kamera moja na lenzi mbili, uende nalo kwenye maporomoko ya maji ya Materuni na uzunguke nalo mjini Moshi. Lita 20 zinatosha. Ukinunua kubwa utalijaza tu, halafu mabega yatakulaumu.

Cha kwanza tazama zipu. Chagua linalofunguka upande wa mgongoni, maana pale stendi na sokoni Mbuyuni watu wanabanana, na begi likiwa mgongoni hakuna wa kulifungua. Faida nyingine: njia ya Materuni ina tope, ukililaza chini kuchukua lenzi, upande unaochafuka si ule unaorudi kwenye shati lako.

Mkanda wa kiunoni uwe mpana kidogo. Kava la mvua ni lazima, hata kiangazi. Karibu na maporomoko manyunyu yanalowesha kila kitu.

Kama mfuko haujatuna, mimi ningepita soko la Memorial, pale Moshi, kwenye mitumba, nichukue begi la kawaida la mlimani, kisha ndani nitie kisanduku cha sponji chenye vyumba. Mjini hakuna atakayejua umebeba kamera. Ila zipu zijaribu zote palepale kabla hujalipa.