"Nipe maana zote za get": jibu kwa dada wa Nungwi

SWALI: Asalaam alaykum maalim. Mie nafanya kazi risepsheni, hoteli moja huku Nungwi. Neno get linanitoa roho. Juzi mgeni kaniambia "I've got to get going, can you get someone to get my bags?" nikabaki kutumbua macho. Nilinunua pidiefu WhatsApp ya maana 120 za get, nimeshakariri zaidi ya nusu na bado wageni wakizungumza napotea. Naomba unambie maana zake kamili ziko ngapi na wapi nitapata orodha ya kuaminika.

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Orodha sikupi. Si choyo wallahi, ila hiyo orodha ndo iliyokufikisha hapo ulipo. Swali hili naletewa kila mara, neno tu ndo linabadilika, leo get kesho take keshokutwa run, na kila anaeuliza ana pidiefu yake kwenye simu kauziwa na mtu ambae ukimkamata ukamwambia haya zungumza na mgeni huyu dakika tano, anasingizia simu inaita.

Kinachonikera hasa ni hii dhana kwamba neno ni pochi, ndani mna maana 120, ukizitoa zote ukazipanga mezani basi umemaliza kazi. Hapana. Get ukiikuta peke yake karibu haina maana yoyote, maana inakuja na jirani aliekaa nae. Na hili unalijua vizuri tu kwa sababu unalifanya kila siku kwa Kiswahili chako: mtu anatia chumvi kwenye mchuzi, mwengine anatia chumvi kwenye maneno, huyu katia saini, boti imetia nanga, bibi harusi katia fora, sasa nani alikuuzia pidiefu ya tia? Hukukariri. Ulisikia tia na mwenzake wamekuja pamoja ukawachukua wote wawili.

Haya tuichukue sentensi ya mgeni wako, maana ni sentensi nzuri imebeba mambo mengi. "I've got to" hapo ni lazima, hana budi. "Get going" ni kuanza kuondoka, ile yetu ya ngoja niende zangu. "Get someone to" ni kumtafuta mtu umwambie afanye, yaani hakusudii ubebe wewe, anataka kijana wa mizigo. Na "get my bags" ndo kuchukua sasa, kuleta. Get nne kwa pumzi moja na hakuna hata moja inayokushinda ukitizama kilichofuata badala ya kuanza kupekua kichwani ile ilikuwa namba ngapi.

Kikifuata kitu, basi ni kupata, kupokea, kununua au kuleta, na hali yenyewe itakwambia ipi. Pakifuata mahali ni kufika, "we got to Paje at six". Ikifuata hali ya mtu, tired, wet, lost, angry, hapo ile pata yako itupe mbali kabisa, mgeni kachoka, karowa, kapotea, kakasirika. Watu wengi wananasa hapa, wanatafuta get iko wapi kwenye Kiswahili cha "I got lost" na haipo, imo ndani ya potea humo humo, kitenzi chetu kimoja kinafanya kazi ya maneno yao mawili. Na "my phone got stolen" ni simu imeibiwa, hapo get inafanya kazi ya ile w yetu ya kutendwa, usije ukafahamu kapata simu ya wizi ukamwitia polisi.

Ila inayoleta balaa kwa watu wa hoteli ni "got to". Mgeni karudi Kizimkazi anakwambia "we got to see the dolphins", huyu kafurahi, kabahatika kawaona. Mwengine asubuhi anakwambia "we've got to see the dolphins", huyu hajaenda bado, anasema lazima wawaone na pengine anataka umtafutie boti. Tofauti ya maandishi ni ile 've tu, na kwenye kuzungumza wengi wanaimeza, Wamarekani ndo kabisaa wanakwambia "gotta" basi. Sasa niambie pidiefu itakusaidia nini hapo? Utamtizama mtu, anatoka au anakwenda, nguo kavu au imerowa, mazungumzo yalianzia wapi.

Au kwenye meza ya chakula bili imekuja mgeni mmoja anasema "I'll get this". Maana yake nitalipa mie. Nishaona mhudumu anaitikia yes sir anakwenda jikoni kuleta sahani ya pili, na huyo cheti anacho.

Zile za get by, get over, get away with, zichukue kama neno moja usizikatekate. Get by ni kusukuma maisha, get over ni kupona au kusahau machungu, get away with ni kufanya ubaya usishikwe. Boti kubwa, ndege na daladala ni get on, teksi ni get in. Na ukimsikia Mmarekani anasema gotten usimsahihishe, kwao "I've gotten a car" ni nimepata gari na "I've got a car" ni ninayo, Waingereza wanatumia got kote. Tuendelee.

Umeuliza ziko ngapi. Ipo ile kamusi kubwa ya Kingereza, ya Oxford. Sasa mhariri wao mmoja, Peter Gilliver, alipolipanga upya neno run, kama kitenzi tu, alifika maana 645 na ikamchukua zaidi ya miezi tisa. Mtu kazi yake ndo hiyo, miezi tisa kwa neno moja, halafu papasi wa WhatsApp anakwambia Kingereza chote siku 30 kwa elfu kumi na ukileta mwenzio unapunguziwa.

Na wapo wengine sio wa mtandaoni, wamo maskulini na kwenye tuisheni, wanawakataza watoto kusema get kabisa eti ni uvivu, sema obtain, sema receive. Kwenye insha na barua za ofisini sawa, nakubali. Lakini mtoto anakuja kufanya kazi ya wageni anasema "I will obtain a taxi for you" kama anasoma hukumu ya mahakama, na mgeni akimjibu kwa get yake ya kawaida hafahamu kitu.

Wala usidhani hasara yake ni kuchekwa tu. Miezi ya masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi zinafunga, wafanyakazi wanapewa barua. Kijana kaletewa barua imeandikwa "unpaid leave", kwenye orodha yake leave ni kuondoka, akafahamu kafukuzwa bila kulipwa, akarudisha unifomu akaenda zake kwao Pemba, kumbe ni likizo bila mshahara na kazi yake ilikuwa ipo inamsubiri. Kwa hiyo mkataba au barua ya kazi msiifasiri neno neno kwa orodha wala kwa simu. Mpelekee mtu anaejua akusomee sentensi nzima, au nendeni Kamisheni ya Kazi mkaulize kabla hamjatia saini. "Notice" kwenye mkataba si tangazo la ubaoni, ni muda wa kuarifiana kabla ya kuachana. Na "may" kwenye "the hotel may pay a bonus" si mwezi wa tano, nimeletewa mkataba mtu kaandika kwa penseli pembeni "bonasi Mei", na si ahadi pia, wakitaka watatoa wasipotaka hawatoi na huna pa kuwashtaki.