Kidonge cha kusomea: saa zake mwilini, na miezi kilivyonishika mimi

Mdogo wangu, umeuliza mambo mawili. Shemeji yako amekuletea Rilatine, dawa ya kuongeza umakini, kutoka Ubelgiji, sesheni ya mitihani inaanza baada ya wiki tatu, na unataka kujua kidonge kimoja kinafanya kazi kwa muda gani na kama mtu anaweza kukizoea. Wenzetu wamekujibu kwamba ni kama kahawa kali tu. Si kahawa. Mwaka 2018 nilikuwa G3, mwaka wa tatu wa sheria chuoni hapa Lubumbashi, nimeshika plaketi (kile kibao cha vidonge) kama hiyo uliyoshika, na hakuna aliyeniambia haya.

Nianze na saa, maana jibu lake ni fupi. Kidonge cha kawaida cha miligramu 10 unaanza kukisikia baada ya nusu saa au saa moja, na nguvu yake inadumu kama saa 3 hadi 4. Kuna vingine vilivyotengenezwa kutoa dawa polepole: kapsuli nyingine hufanya kazi saa 6 hadi 8, na Concerta hufika saa 10 hadi 12. Ndani ni dawa ileile, methilifenideti. Ndiyo maana hivyo vya polepole havisagwi wala havitafunwi: ukikisaga, dawa ya siku nzima inaingia kwa mkupuo. Zile za jamii ya amfetamini ambazo Wamarekani wanazitumia sana, kama Adderall, ni ndugu zake, lakini zinakaa mwilini muda mrefu zaidi.

Kazi yake ni hii. Seli za ubongo zinapelekeana habari kwa kemikali, na mbili kati ya hizo ni dopamini na noradrenalini. Zikimaliza kazi, hufyonzwa na kurudi zilikotoka. Methilifenideti inaziba mlango wa kurudia, kwa hiyo zinabaki nje nyingi. Amfetamini inaziba mlango na pia inasukuma nyingine zitoke. Mwenye ugonjwa wa kukosa utulivu na umakini, akipewa kipimo chake, anatulia. Yule asiye nao anakuwa macho, mdomo unakauka, moyo unapiga, na anajiona ana akili kuliko jana.

Hapo kwenye kujiona ndipo nilipoumia.

Mdogo wangu wa tumbo moja alilelewa na shangazi yetu Liège, na huko waganga (madaktari) walimpima wakamwandikia dawa hii tangu utotoni. Alipokuja likizo nilimwomba plaketi mbili, na baadaye wasafiri wakaniletea nyingine. Usiku wa kwanza, katika chumba chetu cha homu, bweni la chuo kule Kasapa, nilisoma silabusi kuanzia saa mbili ya usiku hadi alfajiri bila kuinua kichwa. Umeme ulikatika, nikawasha tochi ya simu, nikaendelea. Nililia kwa furaha, kweli. Nilidhani nimepata kitu nilichonyimwa tangu shule ya msingi.

Wiki ya kwanza nilimeza kimoja kwa siku. Wiki ya tatu vilikuwa vinne. Bukari (ugali) niliyoletewa na mwenzangu wa chumba ilipoa kwenye sahani mpaka ikaota ngozi juu, na mimi sikusikia njaa hata kidogo. Dawa ilipoisha jioni, nilikuwa mtu mwingine: hasira, machozi, uchovu wa kuvunjika viungo. Yule mwenzangu nilimfokea kwa sababu ya ndoo ya maji. Ili nisifike kwenye ile jioni, nikameza kingine, na usingizi ukakimbia kabisa.

Mtihani wa sheria ya majukumu ulikuwa na maswali manne. La kwanza nililijibu kurasa saba. La nne sikuligusa, muda ulikwisha nikiwa bado napamba la pili. Dawa ilinipa nguvu ya kung'ang'ania, haikunipa kujua cha kung'ang'ania. Nilipata 9 kwa 20.

Sasa swali lako la pili. Watu wanafikiri uraibu ni kupenda dawa. Mimi sikuipenda. Kuanzia mwezi wa pili haikunipa raha yoyote. Nilichokuwa nacho ni hofu ya siku ambayo haitakuwepo. Kila usiku nilitoa plaketi chini ya godoro, nikapitisha kidole gumba juu ya vile vijumba vya plastiki, vilivyojaa na vilivyobonyea, nikihesabu. Nikipata kumi na moja, ninahesabu tena. Yule mdogo wangu wa Liège, ambaye dawa ni yake kwa haki, alikuwa anaisahau. Shangazi alimpigia simu kila asubuhi kumkumbusha. Ukiniuliza ni wapi mstari unapopita kati ya mgonjwa anayetibiwa na mtu aliyeshikwa, nitakuonyesha hapo.

Kwa hiyo usinielewe vibaya. Mtu aliyepimwa, anayemeza kipimo chake, anayepimwa presha na uzito mara kwa mara, mara chache sana anakuwa mraibu, na watoto waliotibiwa hivyo hawaonekani kuangukia dawa za kulevya zaidi ya wengine. Kama kuna mzazi anasoma hapa na mtoto wake anatibiwa, asiitupe dawa kwa ajili ya kisa changu. Hatari inapanda kipimo kinapopanda bila mganga, na inapanda zaidi pale mtu anapokisaga na kukivuta puani, kwa sababu kadiri dawa inavyofika ubongoni kwa haraka ndivyo ubongo unavyoikamata. Si bure kwamba mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 uliiweka methilifenideti katika kundi moja la udhibiti na amfetamini.

Niliacha kwa sababu viliisha na hakuna msafiri aliyekuwa anakuja. Siku mbili nililala tu. Halafu nikala kila kilichokuwepo. Halafu likaja lile ambalo hakuna aliyenitahadharisha: giza. Karibu wiki mbili niliona hakuna maana ya kuamka, na mawazo mengine sitayaandika hapa. Mama alitoka Katuba, akatandika mkeka kando ya kitanda changu, akalala hapo usiku wote sita wa kwanza. Baadaye akanipeleka kwa muganga. Yule mzee alinifunga kitambaa cha presha mkono wa kulia, akasoma, akakifunga tena mkono wa kushoto, akauliza tu: "Vingapi kwa siku, na tangu lini?" Hakunigombeza. Akamwambia mama asiniache peke yangu.

Basi, kama hujaanza, usianze. Kama una shida ya moyo au presha, kama uliwahi kusikia sauti au kuona vitu visivyokuwepo, au unatumia dawa za huzuni, usikiguse kabisa. Na kama umeshaanza na unaona jioni zinakuwa nzito, usijifiche: mwambie mtu wa nyumbani, nenda kwa muganga umtajie idadi ya kweli. Na ikiwa tangu utotoni huwezi kumaliza ukurasa mmoja, huenda una ugonjwa kweli, na hapa mjini kuna kituo cha Joseph Guislain kinachoshughulikia magonjwa ya akili. Hicho ni kitu cha kupimwa, si cha kujipimia kwa plaketi ya shemeji.

Wiki tatu zinatosha kama unalala. Mimi mwaka uliofuata nilipasi lile somo kwa kusoma asubuhi, saa kumi na moja, na kulala saa nne ya usiku.

Krismasi iliyopita yule mdogo wangu wa Liège alikuja tena, akasahau dawa yake juu ya friji ya mama. Nilipita pale kuchukua maji. Sikuigusa, na sikusimama. Lakini nilipofika kwenye kiti nilikuwa tayari najua vimebaki saba. Nilimwita mama, nikamwomba aifungie kwenye sanduku lake, na funguo akae nazo yeye.